Njia ya Kuingilia Mitendeni

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini, ule mwaka wa maradhi, watu wakisalimiana kwa mbali kama waliogombana. La, si huo. Ulikuwa mwaka uliofuata, wa ishirini na moja, kwa sababu misikiti ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na Yaqdhan bin Hatem alirudi kutoka kusali alfajiri akiwa amelowa mwili mzima, na mvua ile ile ndiyo iliyogeuka tufani. Mwaka huo una haki ya kutajwa sawasawa, maana yote yaliyomfika yalianzia hapo.

Yaqdhan alikuwa na miaka sitini na tisa. Aliletwa Maskati na wazazi wake kutoka Pemba, kijana wa ishirini na mbili, na tangu hapo hakuhama. Aliendesha gari la wizara miaka thalathini, akiwapeleka wakubwa Al Khuwair, kwenye maofisi ya serikali, asubuhi na kuwarudisha majumbani mwao mchana, na hakuandikiwa kosa la barabarani hata moja. Alipostaafu alibaki na vitu viwili. Kimoja ni nyumba ya Wadi Kabir, nyuma ya magereji, pahala ambapo nyundo haziachi kulia mpaka magharibi. Cha pili ni shamba la mitende upande wa Amerati, nyuma ya mlima, mwendo wa nusu saa kwa gari. Si shamba kubwa. Mitende thelathini na minane, na mindimu michache baina yake. Mkewe, Bi Masouda, alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe ana wake thelathini na tisa, na yeye ndiye pekee asiyetiliwa maji.

Njia ya kuingilia shambani ilikuwa chini, ndani ya wadi, bonde linalopita maji ya mvua na kukauka. Unaiacha lami, unateremka taratibu kwenye kokoto, unafuata mkondo mkavu hatua mia mbili hivi, halafu unapanda na kutokea mitendeni. Hapana mtu aliyeitengeneza njia hiyo. Ilianza na punda, yakaja magari. Tufani iliichukua kwa siku moja. Yaqdhan alipofika baada ya maji kupungua alikuta shimo la kimo cha watu wawili, na kisima chake kimejaa mawe na matope mpaka mdomoni. Mitende ilikuwa imesimama yote, haukuanguka hata mmoja.

Kisima alikifukua. Akateremka mwenyewe kwa kamba, kwa umri ule, Bi Masouda akimtukana kutoka juu. Maji yalipotoka yalikuwa na chumvi, hata mindimu haikuyataka. Basi ikawa hapana budi maji yaletwe kwa lori, lile lenye tangi mgongoni, mara mbili kwa wiki wakati wa joto. Na lori haliwezi kushuka shimoni.

Sasa, kwa upande wa juu shamba linakaribiana na barabara kuu. Lakini barabara imeinuliwa, na pembeni yake pana ukingo wa mawe na mtaro wa maji ya mvua. Yaqdhan alisimama pale siku tatu mfululizo akiangalia. Siku ya nne akaja na Sami, Mtanga mmoja mwenye kuendesha katapila, aliyekuwa akikaa mtaa ule ule wa Wadi Kabir.

"Mzee, kibali kipo?" Sami akauliza, mguu mmoja juu ya katapila, wa pili bado uko chini.

"Kibali cha nini? Njia ilikuwepo, mvua imeichukua. Mimi naihamisha tu."

"Haya. Ila wakija kuuliza, mimi sikujui na wewe hunijui."

"Jana umekula kwangu."

"Chakula nakijua. Wewe sikujui."

Kabla ya adhuhuri kazi ilikwisha. Ukingo ulikatwa kiasi cha mita tano, likatiwa bomba la zege ndani ya mtaro ili maji ya mvua yasizibwe, juu yake kifusi kikashindiliwa mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Jioni lori la kwanza likaingia. Yaqdhan alivua viatu akasimama katika maji, akayaacha yampite vidoleni.

Miaka miwili na nusu ilipita hivyo. Mitende ikazaa. Kisha siku moja, mwezi wa nne, ikasimama gari nyeupe ya serikali, akashuka kijana mwenye kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi hata ukaogopa kukaa karibu naye. Jina lake Aflah. Alitoa salamu kwa Kiarabu, akasikia jibu lilivyotoka, akageuzia Kiswahili hapo hapo. Bibi yake alikuwa mtu wa Ng'ambo ya Unguja, alisema.

"Ami, hii njia kafungua nani?"

"Mimi."

Aflah akaishusha kalamu. Pengine alizoea kuambiwa sijui, nilikuta hivi hivi.

"Ungengoja kidogo basi, ami. Ungefikiri kwanza."

"Umeniuliza."

"Haya." Akaandika. "Una siku thelathini. Ama uombe kibali cha njia iliyokwisha kufanywa, ama itazibwa. Usitie khofu, watu wengi huomba baada ya kufanya. Hati ya kumiliki, ramani ya kiwanja, picha ya njia yenyewe. Basi."

"Na wasipokubali?"

"Kwa nini wasikubali? Umetia bomba, maji yanapita. Kazi safi hii. Nani kakufanyia?"

"Simjui," akasema Yaqdhan.

Karatasi ya manjano aliyopewa na Aflah aliifikisha nyumbani mkononi, hakuitia hata mfukoni. Bi Masouda aliisoma huku akichambua mchele.

"Usende, Baba Khulood. Wache waje."

"Watakuja kuziba."

"Waje. Huko Amerati mna njia ngapi za namna hiyo? Wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuzibiwa? Yule kijana ana mamia ya karatasi garini mwake. Mpaka ifike zamu yako, mie nishazikwa."

"Imeandikwa jina langu."

"Hata ile kadi ya kwenda kupimwa macho ina jina lako, na huu mwaka wa tatu. Mbona hiyo huikimbilii?"

Yaqdhan aliichukua tena ile karatasi. Alijua kilichokuwa kikimsumbua. Bila ya njia ile hapana lori, na bila ya lori mitende haina umri wa joto moja. Miaka miwili na nusu kila alipoliona lori likikata kona kuingia, alitazama nyuma kwenye barabara, kama mtu anayeingia nyumba isiyo yake. Alitaka aingie bila ya kutazama nyuma. Hilo tu.

Akaenda Al Khuwair, kwenye ofisi inayotoa vibali. Akachukua nambari, akakaa, akangoja saa nzima na robo, wala haikumuudhi. Watu wa Maskati hawajui kungoja siku hizi, lakini dereva wa wizara kazi yake khasa ni kungoja. Alipoitwa akamkuta mwanamke kijana, Noof, mwenye miwani na sauti ya upole. Yaqdhan akamtolea picha za njia, kisha karatasi ya marehemu baba yake, imo katika mfuko wa plastiki, na saini za mashahidi watatu. Noof aliisoma polepole. Akairudia.

"Ami, hapa pameandikwa mitende."

"Ndiyo. Thelathini na minane. Na mindimu, tazama chini."

"Na ardhi?"

"Mitende iko juu ya ardhi, mwanangu. Haikuning'inia."

Noof alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akageukia kompyuta yake.

Hapa inafaa ielezwe namna Hatem, baba yake Yaqdhan, alivyonunua. Kule Pemba alikotoka, mtu alikuwa na mikarafuu yake katika ardhi ya mwenziwe na hapana ugomvi. Mti ni wako, unapita kwenda kwenye mti wako, unachuma, unaondoka. Ardhi ina mwenyewe. Hatem alipofika huku na kuuziwa shamba na mzee mmoja wa Amerati, jina lake Saeed, alifahamu vivyo hivyo, na katika karatasi akataka iandikwe mitende, mtende kwa mtende. Wakaandika kama alivyotaka. Kisha baada ya miaka kumi hivi wakapita watu wa serikali wakiandikisha mashamba, kila mtu asimame juu ya chake aseme. Ilipofika zamu ya Hatem akasema mbele ya wote, "Mitende yangu. Ardhi ya Saeed." Majirani wakatazamana. Saeed mwenyewe alikuwepo, na inasemekana yeye ndiye aliyeshangaa zaidi, maana alijua kauza vyote. Lakini mwenye kuandika aliandika. Yaqdhan alikuwa nyuma ya baba yake siku hiyo, na alijivuna kwa kuwa na baba mkweli namna ile. Alijivuna miaka arubaini.

"Kiwanja hiki kina jina la warithi wa Saeed," akasema Noof. "Mkubwa wao Maan bin Saeed, anakaa Qurum. Akitia saini yeye kwamba ameridhia njia, ombi lako litakwenda."

"Basi usimwambie kwanza. Wacha nimwendee mwenyewe, kwa adabu."

Noof aliivua miwani. "Ishakwenda khabari, ami. Nikifungua faili tu, mwenye kiwanja anapelekewa ujumbe kwenye simu. Si mimi. Ni mashine."

Maan alimpokea vizuri, hili halina budi kusemwa. Jumba lake lilikuwa jeupe, na ndani baridi ya kiyoyozi mpaka Yaqdhan akatamani shali. Iliwekwa halua, ikaja kahawa, vikombe vitatu kama inavyotakiwa. Walizungumza Kiarabu, kwani Maan Kiswahili hakijui. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye biashara ya vifaa vya kujengea, na hakuwa na haraka.

"Nilikuwa sijui hata kama marehemu baba aliacha kitu kule," akasema. "Mpaka juzi simu iliponiletea ujumbe."

Yaqdhan akamweleza yote tangu mwanzo: Pemba, karatasi, tufani, kisima cha chumvi. Maan alisikiliza. Mgeni wake alipomaliza, akauliza jambo moja.

"Hiyo njia, lori linaingia kwa wepesi?"

"Bila ya tabu."

"Hata kubwa?"

"Kubwa khasa. Mita tano upana wake, na chini nimetia bomba la zege. Halitikisiki." Na akazitoa picha, moja baada ya moja, akamwonyesha kwa kidole bomba lilipo, kifusi kilivyoshindiliwa, kona ilivyo pana. Hapana aliyewahi kumuuliza khabari za njia ile kwa kuipenda, ila kwa kumlaumu. Alizungumza sana siku hiyo.

"Kheri inshallah," akasema Maan. "Ombi niachie mimi, ya ammi. Mwenye hati ndiye anayetakiwa kuomba."

Yaqdhan alirudi Wadi Kabir uso umemkunjuka.

"Kasaini?" akauliza Bi Masouda.

"Mtu mwema sana. Kasema atalishughulikia mwenyewe."

"Nimeuliza, kasaini?"

Zilipita siku arubaini. Joto likaingia lile la mwezi wa sita, hata usukani haushikiki bila ya kitambaa. Zile siku thelathini za Aflah zilikuwa zimepita, lakini hakuna aliyekuja kuziba, kwa kuwa ombi lilikuwa mezani, na lori liliendelea kuingia. Kisha wiki moja Yaqdhan hakwenda, alishikwa na kifua. Yuko kitandani, simu ikalia. Jina lake na nambari yake vilikuwa bado vimo katika faili tangu siku ile aliyokwenda kwa Noof, na mashine ikampelekea na yeye: ombi la njia ya kuingilia kiwanja limekubaliwa.

Alisoma mara tatu. Akashuka kitandani akasujudu sijda ya kushukuru, baina ya kabati na mlango, na Bi Masouda akamwinua kwa sababu magoti yalikataa. Hata yeye alikuwa akitabasamu. Wakaagiza lori kwa asubuhi ya pili.

Wakafika na lori nyuma yao. Pale penye njia palikuwa na geti la chuma, jipya, rangi yake buluu, limefungwa kwa kufuli. Juu yake kibao kwa Kiarabu: kiwanja kinakodishwa, kinafaa kwa ghala na vifaa, njia ya malori ipo. Na nambari ya simu.

Dereva wa lori aliteremka, akalisukuma geti kwa mkono, likagoma. Akauliza nimwage wapi. Akautandaza mpira wake kutoka barabarani, mpira ukaishia kwenye mtaro. Alingoja robo saa, injini inanguruma. Halafu akasema ana wateja wengine, akaomba radhi, akaondoka na maji yake.

Yaqdhan alipiga simu pale pale, amesimama juani. Maan aliipokea upesi.

"Ya ammi, mitende ni yako, mimi sikukatalii. Karatasi ya baba yangu naiheshimu. Mwenye kukodi ataingia mwisho wa mwezi wa nane. Muda upo. Ichukue."

"Niichukue vipi?"

"Ichukue, ni yako," akasema Maan tena, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, na labda ndivyo alivyojiona.

"Basi nipe ufunguo, niitilie maji mpaka hapo."

Maan akasema atamtuma mtu na ufunguo. Hapana aliyekuja. Alipopigiwa tena, akasema geti liko mikononi mwa dalali sasa. Dalali akasema hana ruhusa ya kumwingiza mtu ambaye hamo katika hati.

Yaqdhan aliulizia watu wenye kuhamisha mitende, wale wanaoipanda mbele ya mahoteli. Wakaja wawili, wakachungulia juu ya geti, wakatikisa vichwa. Mitende ya umri ule haing'oki ikaishi, na haina tena watoto ubavuni wa kuchukuliwa na kupandwa pengine. Waliomba maji ya kunywa, wakaenda zao.

Ikabaki miguu. Baina ya nguzo ya geti na jiwe la ukingo palikuwa na upenyo wa mtu mmoja akijibana. Yaqdhan akawa anapita hapo na madumu mawili, anashuka, anamwaga, anapanda, anajaza tena kutoka kwenye mapipa aliyoyaweka nyuma ya gari. Mtende mmoja katika joto lile unataka maji ambayo mzee hawezi kuyabeba kwa siku nzima. Siku ya pili ilimbidi achague. Alipita mti kwa mti, kama anayekagua wagonjwa, na akachagua minne, ile ya tende aina ya khunaizi iliyokuwa karibu na geti, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kwa ile mingine thelathini na minne hakurudi tena. Alikuwa akipita akiangalia chini.

Bi Masouda alifuatana naye. Alikuwa akibeba dumu dogo la mafuta ya kupikia, lililooshwa. Hakufanya mzaha tena khabari ya wake thelathini na tisa.

Mwezi wa saba makuti ya chini yakageuka rangi ya karatasi, halafu ya katikati. Tende ziliacha kukua, zikaanza kuanguka mbichi, ngumu kama kokoto. Mindimu ilikwisha kufa zamani, mindimu haina subira. Katikati ya mwezi wa nane Yaqdhan aliteleza kwenye mtaro, na madumu yote mawili, akavunjika mkono wa kulia juu ya kifundo. Alilala pale mpaka Bi Masouda akasimamisha gari la mpita njia. Minne ile nayo ikabaki bila ya mtu.

Mpangaji aliingia tarehe aliyosema Maan. Watu wake wakaja na mashine, wakailaza mitende yote kwa asubuhi moja, wakatandika kokoto. Malori yake ya matofali yanaingia na kutoka kwa wepesi. Njia haitikisiki.

Yaqdhan alikwenda Al Khuwair mara ya mwisho, mkono umo katika plasta. Hakuchukua nambari. Noof alimwona, akasimama, akamvutia kiti, akafungua faili mbele yake ili amridhishe.

"Njia iko sawa, ami. Imesajiliwa, bomba limekaguliwa, hapana kosa lolote lililobaki. Hata lile onyo la mwanzo limefutwa."

"Nimefahamu," akasema. "Sikuja kulalamika. Nna suali moja tu."

Akauliza. Noof alimtazama mwenzake wa meza ya pili, na mwenzake akatazama juu kwenye ubao, nambari nyingine ikaitwa, na mwenye nambari yake tayari alikuwa keshafika, anangoja kiti. Siku nyingine alimuuliza Aflah kwa simu. Aflah akasema yuko barabarani, atampigia. Alimuuliza Maan, akaambiwa kheri inshallah. Alimuuliza na Bi Masouda, aliyemwambia asende tangu siku ya kwanza, na ambaye angeweza kumjibu kwa neno moja. Yeye alimmiminia chai, akamkatia mkate vipande vidogo kwa sababu ya ule mkono, akaondoka kwenda jikoni. Watu wa msikitini pia amewauliza, na wenye magereji, na kila anayekaa naye kidogo, wala haulizi kwa hasira: kwani kosa langu lilikuwa kuifungua ile njia, au lilikuwa kwenda kuiomba?